Makopo Kumi na Moja ya Mama

Nilipofika uani na sinia la chai, bosi alikuwa ameshika ua la mama yangu shingoni.

Nasema shingoni kwa sababu ndivyo alivyolishika, pale shina linapoachana na mizizi, kama mtu anavyoshika kuku anayempeleka kuchinja. Lilikuwa sikio la tembo, kubwa kuliko mengine yote, jani lake moja lilikuwa pana kuliko sinia nililobeba. Alikuwa amelining'iniza chini ya bomba. Maji yanapiga mizizi, udongo mweusi unatiririka juu ya saruji kwenda mtaroni. Saa saba mchana, katikati ya kiangazi, jua limesimama utosini. Yale kumi mengine yalikuwa yamelazwa ukutani, mizizi nje, yamekwisha kuoshwa. Dereva alikuwa amepanga makopo matupu nyuma ya gurudumu. Akarudisha gari nyuma. Yakapasuka moja baada ya jingine, na kila moja lililia peke yake.

"Bosi, unafanya nini?"

"Naosha. Udongo wenu unanuka dagaa. Wageni wanaingia saa tisa."

"Haya ni ya mama yangu."

"Najua ni ya nani. Habari ya makopo tutaiongea baadaye. Weka chai mezani, binti."

Niliweka chai chini, kwenye maji. Kwa miezi minane nilikuwa nimemeza. Nilimeza alipoambia watu kwamba mwanamke anayenyonyesha ananuka maziwa na asiingie kwenye kikao. Nilimeza aliponikataza kumleta mtoto, nikawa namwacha kwa mama ambaye miguu yake haimbebi, narudi jioni kifua kimejaa kama jiwe na blauzi imelowa. Siku hiyo nilifunga bomba, nikalichukua ua mkononi mwake, nikamwambia kwamba amekaa Kigoma miaka miwili, kazi yake ni watu waliong'olewa kwao, na bado hajui kwamba kilichong'olewa hakioshwi kwanza. Kinapewa mahali pa kukaa kwanza. Nilimwambia na mengine. Nilimwambia hata mbuzi anajua kivuli kiko wapi saa saba.

Hakupaza sauti. Alijifuta mikono kwenye suruali.

"Chukua mkoba wako uende. Na uende na maua yako ya wizi."

"Ya wizi?"

"Umesoma mpaka kidato cha nne. Soma kilichoandikwa kwenye makopo."

Alisema hivyo mbele ya dereva, mbele ya mlinzi, na mbele ya wanawake kama kumi waliokuwa kwenye foleni ya kutafuta vibarua nje ya uzio, ambao wawili kati yao ni majirani zetu.

Hapa lazima nieleze habari ya makopo, kwa sababu ambaye hakuishi Kigoma miaka ile anaweza kumwamini bosi.

Wakimbizi walipokuwa wanashushwa bandarini kutoka Kagunga, kijiji cha mpakani, meli baada ya meli, mafuta ya kula yalikuja pamoja nao, kwenye makopo makubwa ya bati yenye pembe nne. Ubavuni yaliandikwa kwamba hayauzwi wala hayabadilishwi. Mafuta yaliliwa. Makopo yalibaki. Kambini hayakuwa na kazi tena, mjini yalikuwa na kazi mia. Yalichanwa na kunyooshwa yakawa milango ya mabanda ya kuku, mapaa ya vyoo, majiko ya mkaa, vipimo vya mawese sokoni. Na kwa mama zetu wa Kasingirima na Ujiji yalikuwa vyungu vya maua. Ukipita barazani kwa mtu yeyote ungeyakuta yamepangwa, maandishi yake yametazama barabara. Hakuna aliyeficha, kwa sababu hakuna aliyejua kwamba kuna la kuficha.

Mama alikuwa na makopo kumi na moja. Manane aliyanunua matupu, kwa wauza chupa na mabati. Matatu aliachiwa na mwanamke mmoja kutoka ng'ambo aliyelala kwetu wiki mbili na wanawe wanne kabla lori halijawachukua kwenda kambini. Asubuhi ya kuondoka, yule mwanamke aliyasugua kwa majivu mpaka yakang'aa, akayapanga mlangoni. "Mama, sina kingine cha kukushukuru," alisema. Mama akamjibu kwa Kiha, wakaelewana, wakacheka kidogo, basi. Hao ndio wezi wenyewe.

Sijui mama alianza lini kupenda maua. Namkumbuka alipokuwa bado anatembea, akirudi kutoka shambani Simbo na ndoo ya udongo kichwani, mimi nyuma yake nikilalamika kwamba watu wanabeba mihogo, sisi tunabeba uchafu. Miguu ilipokataa, mwaka niliomaliza shule, dunia yake ilibaki baraza: mkeka, ukuta wa kuegemea, na makopo kumi na moja. Sikio la tembo, krotoni mbili, mshubiri, mirehani mitatu, na mengine ambayo hata yeye hakuyajua majina, aliyaita kwa aliyempa. Aliamka kwa ajili yao. Siyo maneno ya kupamba. Asubuhi alikuwa ananiambia, "Nitoe nje, mwana wanje, wenzangu wana kiu," mwana wanje ndiyo mwanangu kwa Kiha, nami nilikuwa namtoa.

Na alikuwa na sheria zake za kuhamisha ua kutoka kopo dogo kwenda kubwa. Nilizipata zote bila kutaka, kwa sababu mikono ilikuwa yangu na mdomo ulikuwa wake.

Kwanza, huhamishi kiangazi. Unasubiri mvua, siyo ile ya kwanza ya kudanganya inayolowesha vumbi, ni ile ya pili yake, ardhi ikiwa imepoa. Ua linakuwa limeamka, mzizi ukikatika unaota mwingine. Kiangazi ua limelala, ukilitoa umelitoa usingizini uchi.

Pili, ua lenyewe linasema limebanwa. Unamwagilia, maji yanapita moja kwa moja yanatokea chini kama bomba limetoboka, ujue ndani hakuna udongo tena, mizizi imejaa inazungukana. Au unaona mzizi umechungulia kwenye tundu la chini. Kama hakuna hayo, liache. "Unataka kulihamisha kwa sababu wewe umechoka kuliona pale," mama alikuwa ananiambia. "Lenyewe halijachoka."

Tatu, kopo jipya lizidi la zamani vidole viwili tu. Hili nililibishia miaka. Mimi nilidhani ukubwa ni hisani. Nikiwa kidato cha pili nilichukua mrehani wake mmoja mdogo nikauweka kwenye debe zima ili ufurahi. Udongo mwingi usio na mizizi ulikaa na maji, ukachacha, mrehani ukaoza kwa chini huku majani ya juu bado yananukia. Mama hakunipiga. Alinifanya niunuse ule udongo.

Chini unatoboa matundu manne kwa msumari, siyo moja. Juu ya matundu unaweka maganda magumu ya mise, zile kokwa za chikichi, ili maji yapite na udongo ubaki. Udongo mweusi wa Simbo ndoo mbili, mchanga wa ziwani nusu ndoo, makapi ya mawese ndoo moja, lakini yaliyolala msimu mzima. Makapi mabichi yanachemka humo ndani, yanaunguza mizizi. Vumbi la dagaa kiganja kimoja, na paka mfukuze. Jioni ya kuamkia siku hiyo unamwagilia ili udongo ushikane. Siku yenyewe, jua likishainama, unalaza kopo, unaligonga ubavu, unalitoa ua na bonge lake zima. Unaachanisha mizizi ya nje kwa vidole, polepole, kama unafumua nywele za mtoto mwenye kichwa kibichi. Huoshi. Udongo ulioshikana na mizizi ni wa kwake, unahama nao. Unaliweka kwa kina kilekile lilichokuwa, unashindilia kidogo, unamwagilia, halafu kivulini wiki nzima. Wiki hiyo litanyong'onyea. Unaliacha. Watu wengi wanaua ua wiki hiyo, kwa kulihurumia na maji.

Basi. Hayo ndiyo ninayoyajua, na siku ile nilipoyakuta yamelala ukutani, kila moja ya sheria hizo ilikuwa imevunjwa ndani ya saa moja.

Lakini yalifikaje pale? Niliyapeleka mimi.

Kwetu maua huazimwa. Ukiwa na harusi, makopo yanatoka baraza hili yanakwenda baraza lile, kesho yake asubuhi yanarudi, na adabu yake ni moja: kopo halirudi kavu. Anayerudisha anakuwa amekwisha kulimwagilia, na matone yanayomdondokea mguuni njiani ndiyo shukrani. Sijawahi kusikia mtu amerudisha ua kwenye kopo jingine. Ingekuwa kama kumwazima mtu mtoto akamrudisha na nguo za mwingine na jina la mwingine.

Ofisi ilikuwa kwenye nyumba ya kupanga kilimani, inaitazama bandari. Kazi yangu ilikuwa usafi na chai, kwa mkataba wa kibarua uliokuwa unaelekea kwisha. Wakatangaziwa wageni wakubwa. Bosi akasimama kwenye veranda tupu, akasema, "Hapa pamekaa kama ghala." Mimi, mjinga, nikasema mama yangu ana maua. Nilisema kwa sababu nilitaka mkataba mwingine. Sina haja ya kuupaka rangi ukweli huo.

Nilimweleza mama.

"Wanaoa?"

"Hawaoi, mama. Wageni wa kazi."

"Watayarudisha lini?"

"Keshokutwa asubuhi."

"Yaende na makopo yake, yarudi na makopo yake. Waambie wasiyaguse, ni kiangazi hiki, yamelala. Lile sikio la tembo limebanwa, nalijua, linasubiri mvua kama mimi."

"Nitawaambia."

"Waambie vizuri. Wewe ukiwaambia watu unawaambia kama unagombana."

Niliwaambia vizuri. Mungu shahidi, nilimwambia bosi kwa unyenyekevu nisioujua nilikoutoa. Mkokoteni ulipofika getini, mlinzi, Muha mwenzangu mwenye mzaha, alisimama akauzunguka.

"Leo anaoa nani hapa?"

"Bosi anawaoa wageni."

"Basi bibi harusi atakuwa na miwani," alisema, akanisaidia kushusha. Aliyapanga vizuri, marefu nyuma, mafupi mbele. Bosi alitoka, akasema yamependeza. Nilikwenda kuchemsha chai nikiwa na furaha ya kijinga.

Kilichotokea baada ya hapo alinieleza mlinzi. Bosi alirudi, akayatazama tena, safari hii akayaona maandishi. Kumbe wageni walikuwa wanakuja kwa jambo hilohilo, kwamba msaada unavuja na kuishia mjini. Na veranda yake imepambwa kwa makopo kumi na moja ya msaada. Mtu mwenye akili angeyageuza maandishi yatazame ukutani. Angeyafunga kanga. Angeniita, nikayarudisha kwa mkokoteni uleule. Yeye aliwaza kwa hofu. Akatoa stoo vyungu vya plastiki vyeupe, vikubwa kama beseni za kufulia, visivyo na tundu hata moja, akaamuru yahamishwe humo, kwenye mchanga uliobaki wa mafundi.

Waliyapanda kweli. Wakati mimi nakusanya mkoba wangu, dereva na mlinzi walikuwa wanayazika. Sikio la tembo tu lilikuwa mikononi mwangu, sikulitoa. Mlinzi hakunitazama. Wageni walikuja, nikasikia baadaye kwamba walisifu maua.

Nilirudi keshokutwa yake na mkokoteni, nikayang'oa kwenye vyungu vyao na kuyafunga kwenye magunia mabichi. Vyungu walibaki navyo, siitaki plastiki yao. Yalikuwa yamesimama kwenye maji ya juzi, yananuka.

Mama alikuwa barazani, amempakata mwanangu mapajani. Aliyatazama yote, akihesabu kwa macho. Sikio la tembo nilikuwa nimelilaza kwake tangu juzi ndani ya gunia, kwenye kona ya giza. Alisema, "Leta kisu."

Tulifanya kila kitu kinachofanywa. Tulikata majani nusu ili mizizi iliyochanika isiwe na midomo mingi ya kulisha. Tulikata mizizi iliyokuwa laini na ya kahawia. Hatukuwa na makopo, hata moja. Nilitumia sufuria iliyotoboka, nusu ya dumu, karai la kale, ndoo ya jirani isiyo na mpini. Udongo wa Simbo uliobaki haukutosha matano. Mama alikuwa anaelekeza kutoka kwenye mkeka, "Usishindilie, usishindilie, unalizika?" na mimi nilikuwa nashindilia, si kwa huzuni, kwa hasira, na hasira si mikono ya kupandia. Mtoto alikuwa anakula udongo. Nilimwacha.

Mrehani wa kwanza ulikauka siku ya tatu. Krotoni zilidondosha majani yote usiku mmoja, asubuhi zilikuwa vijiti. Kila siku mama alikuwa anauliza, "Leo?" nami nilikuwa namtajia. Sikio la tembo lilidumu siku kumi na sita. Lilitoa hata jani moja jipya, limejikunja, jembamba kama sigara, tukawa tunanong'ona kama watu wanaoogopa kumwamsha mtu. Halikukunjuka. Nilipolivuta lilitoka mkononi bila kubisha, chini hapakuwa na kitu cha kulishika.

Mshubiri ulibaki. Mshubiri hauna sifa hapo, mshubiri haufi.

Lakini lililommaliza mama si maua. Wale majirani wawili wa kwenye foleni walirudi mtaani na neno. Ndani ya wiki, mwanamke wa nyumba ya tatu alipita barazani na kapu la dagaa, akasimama.

"Mama, shikamoo. Eti mafuta ya wakimbizi yameisha kwako, au bado kuna akiba?"

"Marahaba. Mafuta gani, mwanangu?"

"Si tunasikia tu. Tusaidiane basi, sisi wengine hatuna watoto maofisini."

Alicheka akaenda. Wengine walicheka pia, nao wana makopo yaleyale milangoni. Mama alinitazama, akaniuliza hilo neno limetoka wapi, ikabidi nimwambie. Mwanamke aliyelala kwetu na wanawe wanne, mama alimpa kitanda chake mwenyewe. Sasa mama alikuwa ameitwa mwizi wa chakula cha mwanamke huyo.

Asubuhi iliyofuata nilikwenda kumtoa nje kama kawaida. Akasema, "Niache ndani leo." Kesho yake akasema hivyohivyo. Siku ya nne sikumuuliza. Sasa anakaa chumbani uso ukutani, anakula akilishwa na mjukuu anayejifunza kushika kijiko, na nikimwambia mvua imekaribia, nitamletea udongo, anasema, "Wa nini?"

Nilikwenda ofisi ile mara mbili kulalamika. Mara ya kwanza waliniambia bosi yuko kambini. Mara ya pili waliniambia malalamiko yanayopokelewa ni ya wakimbizi, mimi si mkimbizi. Nikaandika barua, nikaipeleka ofisi ya kata. Mtendaji alisoma barua yangu yote amesimama, akakuna kidevu. "Dada, hii ni kesi ya maua?" Nilimwambia agonge muhuri. Aliniambia watanicheka. Nilimwambia wameshacheka. Akagonga muhuri nakala zote mbili, moja akabaki nayo. Ni mwezi wa pili sasa tangu siku hiyo na hakuna aliyejibu, na sidhani kama yupo atakayejibu. Naiweka barua yenyewe hapa kama ilivyo.

"YAH: MALALAMIKO JUU YA KUUAWA KWA MAUA KUMI YA MAMA YANGU NA KUITWA MWIZI

Mimi ni mkazi wa Kasingirima, mama wa mtoto mmoja, elimu kidato cha nne. Namlalamikia mkuu wa ofisi niliyokuwa kibarua kwa mambo yafuatayo.

Kwamba aliazima maua kumi na moja yakiwa hai, katika makopo yake, na akaelezwa kwa mdomo, kwa heshima, kwamba ni kiangazi na yasihamishwe.

Kwamba aliyahamisha saa saba mchana, akaosha mizizi, akayapanda kwenye mchanga mtupu na vyungu visivyo na matundu. Maua kumi yamekufa. Mtoto wa darasa la tatu wa mtaa huu angemwambia yatakufa.

Kwamba aliharibu makopo kumi na moja kwa gari. Makopo manane yalinunuliwa matupu hadharani, matatu yalitolewa zawadi na mwenye haki nayo. Kama kuwa na kopo hilo ni wizi, naomba ofisi yako ianze na lile lililoko mlangoni kwako ambalo wafanyakazi wako wanatupia taka, kisha ipite nyumba hadi nyumba, ya mama yangu iwe ya mwisho.

Kwamba alimwita mama yangu mwizi, naye hayupo, mbele ya watu wasiopungua kumi.

Sidai kulipwa. Maua hayo hayanunuliki. Naomba aandike kwamba makopo hayakuwa ya wizi. Mama yangu hajui kusoma, kwa hiyo naomba mwandishi wa maneno hayo aje mwenyewe barazani kwetu, mchana, majirani wakiwapo, na ayasome kwa sauti ileile aliyotumia kusema neno wizi."